Chumba cha Wavutaji, Uani au Nje ya Geti? Ulinganisho wa Njia Tatu za Kuzuia Moshi wa Sigara Mahali pa Umma

Mwenye mkahawa anayetundika ukutani kibao cha "Usivute Sigara" hugundua baada ya siku mbili tatu kwamba kibao hicho kimejibu nusu tu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: yule mteja wa kila siku, anayezoea kuwasha sigara baada ya chakula, akavutie wapi? Swali hilohilo humkabili meneja wa hoteli, mkuu wa chuo, kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa na mganga mfawidhi wa hospitali, na jibu lake ndilo linaloamua ni kiasi gani cha faida ya kiafya kitapatikana. Marufuku mbili zenye maneno yaleyale zinaweza kuleta matokeo yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu tu moja imemweka mvutaji nyuma ya mlango wa kioo na nyingine imempeleka chini ya mwembe.

Makala haya ni ya wale waliosimama kwenye njia panda hiyo. Yanalinganisha njia tatu zinazotumika zaidi, kwa vigezo vilevile, kisha yanaeleza kila njia inamfaa nani. Sifichi kwamba moyo wangu uko kwa mtu anayefanya kazi ndani ya moshi, kwa kuwa mteja anaweza kuhama meza lakini mhudumu hawezi kuihama ajira yake; hata hivyo kila njia ina mahali pake, na nimejitahidi kuipa kila moja haki yake.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza ni kutenga chumba maalumu ndani ya jengo, chenye kuta zinazotoka sakafuni hadi darini, mlango unaojifunga wenyewe na feni inayosukuma hewa nje. Mvutaji huingia humo, na sehemu nyingine zote za jengo ni marufuku.

Njia ya pili ni kukataza uvutaji katika jengo lote bila kubakiza chumba chochote, na kuruhusu sehemu moja ya nje iliyo wazi, mbali na milango na madirisha.

Njia ya tatu ni kukataza katika eneo zima hadi kwenye uzio: ndani, uani, bustanini na kwenye maegesho ya magari. Anayetaka kuvuta hutoka getini.

Sikuuhesabu ule mtindo wa zamani wa kugawa ukumbi kwa meza, upande huu wanaovuta na upande ule wasiovuta, kwa sababu hewa ya ukumbi mmoja ni moja, na hakuna faida ya kiafya inayostahili kupimwa hapo.

Vigezo na sababu zake

Nimetumia vigezo sita: hewa inayobaki baada ya marufuku, afya ya wafanyakazi, moyo na mapafu ya wateja pamoja na watoto wao, hali ya mvutaji mwenyewe, sheria ya nchi, na gharama pamoja na usimamizi. Hewa imetangulia kwa makusudi. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Sehemu kubwa ya moshi unaoelea chumbani haikupita kwenye mapafu ya mvutaji. Hutoka moja kwa moja kwenye ncha ya sigara, inayoungua polepole kati ya mvuto mmoja na mwingine bila kupitia kichungi chochote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wenzao.

Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Richard Carmona, alitoa ripoti iliyofikia uamuzi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuitwa salama. Ripoti hiyo ilieleza kwamba asiyevuta anayekaa na moshi nyumbani au kazini huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo njia yoyote inayopunguza moshi bila kuumaliza haina budi kuulizwa: uliobaki unakwenda kwa nani?

Hewa inayobaki

Tuanze na chumba cha wavutaji, maana ndicho chenye mambo mengi. Ili chumba hicho kifanye kazi, feni yake haina budi kutoa hewa nyingi kuliko inayoingia, ili mlango unapofunguliwa hewa ya ukumbi ivutwe kuingia ndani badala ya moshi kumwagika nje. Kwenye karatasi ya mhandisi jambo hilo linawezekana. Katika matumizi ya kila siku kuna mambo matatu yanayoliharibu: mlango wenyewe, ambao kila unapofunguka na kufunga hupiga hewa kama pepeo, mwili wa mtu anayetoka, ambao huburuta moshi nyuma yake, na feni inayochafuka, inayozimwa ili kuokoa umeme, au inayonyamaza umeme unapokatika.

Niliwahi kula chakula cha mchana katika hoteli moja ya pwani, meza yangu ikiwa hatua nne kutoka kwenye mlango wa chumba cha namna hiyo. Kilikuwa chumba kizuri: kioo kinene, viti vya ngozi, feni mbili darini. Lakini mlango haukutulia. Kila aliyetoka alitoka na utando wa moshi mgongoni, na wali wa nazi uliokuwa mbele yangu ukaanza kunukia majivu. Baadaye mama wa usafi aliingia kufuta kile kioo kwa ndani. Kitambaa kilichoingia kikiwa cheupe kilitoka na rangi ya chai ya mkandaa.

Ukiwa tayari una chumba kama hicho, kipime bila mashine. Washa kijiti cha udi ukishike kwenye upenyo wa chini ya mlango, upande wa ukumbini, feni ikiwa imewashwa na mlango umefungwa. Moshi wa udi ukivutwa kuingia chumbani, feni inafanya kazi yake. Ukielea ovyo au ukisukumwa kurudi kwako, chumba chako kinavuja. Kisha rudia kipimo hicho huku watu wakiingia na kutoka, maana hapo ndipo penye ukweli. Mashine za kusafisha hewa zinazouzwa madukani hazibadilishi sana hali hii: huweza kupunguza harufu na kukamata baadhi ya chembe, lakini gesi za moshi, ikiwemo kaboni monoksidi, hupita. Hata chama cha wahandisi wa viyoyozi na mitambo ya hewa cha Marekani, kijulikanacho kama ASHRAE, ambacho kazi ya wanachama wake ni kuuza utaalamu wa kusafisha hewa, kimeeleza kwamba njia pekee ya kuondoa kabisa hatari ya moshi ndani ya jengo ni kutovuta ndani ya jengo.

Njia ya pili inaonyesha tofauti iliyopimwa. Uskoti ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya majengo ya umma tarehe 26 Machi 2006, watafiti waliopima hewa katika baa 41 za Aberdeen na Edinburgh kabla na baada ya sheria walikuta chembechembe laini, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, zimepungua kwa asilimia 86. Uzito wa njia hii umo katika neno "nje". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliopima moshi wa nje mwaka 2007 walikuta kwamba anayekaa ubavuni mwa mvutaji, umbali wa nusu mita hivi, anaweza kupata moshi wa kiwango kinachokaribia cha ndani ya nyumba. Ukisogea zaidi ya mita 2 hupungua sana, na sigara ikizimwa hewa husafika mara moja. Kwa hiyo kisahani cha majivu kilichowekwa kando ya mlango wa kuingilia, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema ya kumkumbusha mteja azime sigara kabla ya kuingia, hukusanya wavutaji mahali pabaya kuliko pote.

Hapa kwetu pwani neno "nje" lina mtego wa pekee, nao ni banda la makuti. Halina kuta, upepo wa bahari unapita, na mwenye mkahawa huapa kwamba wateja wake wako nje. Miongozo ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, iliyopitishwa Bangkok mwaka 2007, inapendekeza kuhesabu kuwa ni ndani mahali popote penye paa, au penye ukuta hata mmoja, bila kujali vimejengwa kwa kitu gani. Kwa kipimo hicho banda la makuti ni ndani. Nami naona miongozo hiyo imepatia: siku upepo ukitulia, moshi hujikusanya chini ya paa na kushuka kwenye meza. Tena makuti makavu na kipisi cha sigara ambacho hakikuzimwa havikai pamoja, na hilo halihitaji daktari kulieleza.

Njia ya tatu huacha hewa safi kuliko zote, ndani na uani. Moshi wake huhamia getini, na geti likiwa linapitiwa na kila mgonjwa au kila mwanafunzi, huwa limehamishwa tatizo badala ya kuondolewa.

Afya ya anayefanya kazi hapo

Katika kigezo hiki ushahidi ni mwingi, na ni wa watu waliopimwa damu, mate na mapafu yao. Ayalandi, nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, ilianza tarehe 29 Machi 2004. Watafiti walipima kotinini, kitu ambacho mwili hutengeneza kutokana na nikotini, katika mate ya wafanyakazi wa baa wasiovuta. Baada ya marufuku ilipungua kwa asilimia 80. Katika kipindi hichohicho, ng'ambo ya mpaka huko Ayalandi ya Kaskazini ambako sheria hiyo haikuwapo, ilipungua kwa asilimia 20 tu. Kazi ni ileile na hali ya hewa ni ileile. Kilichotofautiana ni sheria.

Faida hiyo haichukui miaka. Jimbo la California lilipozuia uvutaji katika baa tarehe 1 Januari 1998, wahudumu 53 wa baa za San Francisco walichunguzwa kabla na wiki chache baadaye. Mwanzoni 39 kati yao walikuwa na dalili za kifua: kukohoa, kukoroma kifuani, makohozi. Baada ya marufuku, 23 kati ya hao 39 hawakuwa nazo tena. Walikuwamo hata wavutaji waliopata nafuu.

Matokeo hayo yote ni ya njia ya pili. Njia ya kwanza humlinda mfanyakazi kwa kiasi fulani anapokuwa ukumbini, lakini kila chumba cha wavutaji kina mtu anayelazimika kuingia humo: wa kupeleka vinywaji, wa kumwaga majivu, wa kufuta meza na kufagia usiku. Mara nyingi huyo ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na sauti ndogo kuliko wote katika nyumba hiyo. Ukichagua njia hii, basi weka kanuni mbili ambazo hazivunjwi: hakuna huduma ya chakula wala kinywaji ndani ya chumba, na usafi hufanywa asubuhi baada ya feni kukimbia muda mrefu bila mvutaji yeyote ndani. Mjamzito na mwenye pumu wasipangwe huko kamwe.

Njia ya tatu inaongeza ulinzi kwa mtunza bustani na walinzi wa ndani, lakini bawabu wa getini ndiye anayeachiwa mzigo. Kibanda chake kisogezwe, au wavutaji wasogezwe.

Moyo, mapafu na watoto

Wengi wanajua kwamba moshi huleta saratani, nao hudhani madhara yake huchukua miaka 20 kuonekana. Moyo hausubiri hivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Osaka, Japani, waliwaweka vijana wenye afya wasiovuta katika moshi wa sigara za wengine kwa dakika 30, wakakuta uwezo wa mishipa ya moyo wao kuongeza mtiririko wa damu umeshuka. Moshi huifanya mishipa isitanuke vizuri na damu iwe nyepesi kuganda. Kwa mtu ambaye mishipa yake tayari imeziba nusu, meza moja yenye moshi inaweza kutosha.

Ndiyo maana hospitali huona mabadiliko mapema. Mji mdogo wa Helena, jimbo la Montana, Marekani, ulikuwa na marufuku kwa miezi sita mwaka 2002. Waliolazwa kwa mshtuko wa moyo kutoka mjini humo walikuwa 24, ilhali miezi kama hiyo ya miaka mingine ilikuwa na wastani wa 40. Mahakama ilipoisimamisha sheria, idadi ikapanda tena. Helena ni mji mdogo, na tafiti za baadaye zenye watu wengi zaidi zilipata upungufu mdogo kuliko huo. Uskoti ndiyo yenye kipimo kizito zaidi: katika hospitali tisa, waliolazwa kwa mashambulizi ya moyo walipungua kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata sheria, wakati Uingereza, ambayo ilikuwa haijaanza marufuku yake, ilipata upungufu wa asilimia 4. Sehemu kubwa ya waliosalimika walikuwa watu wasiovuta.

Upande wa watoto, wazazi wengi waliogopa kwamba mvutaji aliyefukuzwa baa atahamishia sigara zake sebuleni. Huko Uskoti hofu hiyo haikuthibitika. Kabla ya sheria, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Baada ya sheria wakaanza kupungua kwa takriban asilimia 18 kila mwaka. Inaonekana mtu akishazoea kutovuta penye watu huanza kuona haya kuvuta penye mwanawe.

Kwa njia ya kwanza, mfano mzuri wa kujifunzia ni Hispania. Sheria yake iliyoanza Januari 2006 ilizuia uvutaji kazini, lakini iliwaachia wenye baa na mikahawa midogo, isiyofika mita za mraba 100, kuchagua wenyewe, na mikubwa ikaruhusiwa kutenga sehemu za wavutaji. Midogo mingi ilichagua kuruhusu, na wahudumu wake wakabaki katika moshi kama zamani. Tarehe 2 Januari 2011 nchi hiyo iliondoa ruhusa hizo ikapiga marufuku kamili ndani. Haikuwa nchi ya maskini wala ya watu wasiojua kujenga vyumba. Miaka mitano ya kujaribu ndiyo iliyowafikisha hapo.

Njia ya tatu huongeza faida ndogo juu ya ile ya pili kwa mtu mzima mwenye afya, kwa sababu nje moshi hupungua haraka. Uzito wake uko kwa wale wasioweza kuhimili hata kidogo: mgonjwa wa pumu anayeota jua uani, mama aliyejifungua jana, mtoto wa chekechea anayeokota vipisi mchangani na kuvitia kinywani.

Mvutaji mwenyewe

Mvutaji si adui katika jambo hili, na njia nzuri ni ile inayomsaidia naye. Uchambuzi wa tafiti za sehemu 26 za kazi, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba pale ambapo marufuku ya ndani ni kamili, idadi ya wavutaji ilipungua kwa asilimia 3.8, na walioendelea kuvuta walipunguza sigara 3 hivi kwa siku. Pale ambapo ruhusa ya kuvuta sehemu fulani ilibaki, matokeo yalikuwa takriban nusu ya hayo. Sababu inaeleweka: chumba chenye viti na rafiki wa kuzungumza naye humwita mtu, ilhali jua la saa saba mchana humfanya afikiri mara mbili.

Njia ya tatu ina nguvu zaidi hapa, nayo pia ina hatari zaidi. Mtu mwenye uraibu mkubwa akizuiwa eneo zima bila msaada wowote hujificha chooni, nyuma ya stoo au karibu na mitungi ya gesi, na hapo moto ndio huwa hatari ya kwanza. Ndege za abiria zina somo zuri: kuvuta ndani yake ni marufuku, lakini mlangoni mwa choo chake hadi leo kuna kisahani cha majivu, kwa sababu atakayevunja sheria lazima awe na mahali salama pa kuzimia. Hospitali zina jambo jingine la kuzingatia. Mgonjwa wa akili anayetumia dawa ya klozapini, akiacha kuvuta ghafla, kiwango cha dawa hiyo katika damu yake hupanda, kwa sababu moshi wa tumbaku ulikuwa ukilifanya ini liivunje dawa haraka. Daktari asipolijua hilo, marufuku yenye nia njema inaweza kumletea mgonjwa sumu ya dawa. Wodi kama hiyo iandae ushauri nasaha, vibandiko vya nikotini na vipimo kabla ya kutundika kibao.

Sheria

Kenya iliridhia mkataba wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007, na ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi zilinde watu dhidi ya moshi kazini, katika usafiri na mahali pa umma ndani ya majengo. Sheria za ndani hazilingani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Tanzania ya mwaka 2003 zinaruhusu, kwa masharti, kutenga sehemu za wavutaji, hivyo njia zote tatu ziko wazi kwa biashara nyingi, ingawa zipo taasisi ambazo haziruhusiwi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 haina nafasi kwa njia ya kwanza: inakataza ndani ya majengo yote ya umma na ya kazi, pamoja na mita 50 kuyazunguka. Katika kiwanja cha kawaida cha Kampala, mita 50 ni nje ya geti, kwa hiyo mwenye mkahawa wa huko amekwisha kuchaguliwa njia ya tatu.

Shisha ihesabiwe pamoja na sigara katika njia zote. Moshi wake una tumbaku pamoja na gesi ya mkaa, na kupita kwake majini hakuusafishi.

Gharama na usimamizi

Chumba ndicho ghali: ujenzi, feni, umeme wa kila siku, usafi, na nafasi ambayo ingewekwa meza. Sehemu ya nje hugharimu benchi, ndoo ya mchanga na kivuli kidogo. Marufuku ya eneo zima karibu haigharimu chochote kuanzisha, lakini hugharimu subira ya kila siku ya walinzi na wasimamizi.

Hofu ya kupoteza wateja huelekezwa zaidi kwa njia ya pili na ya tatu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba zile zilizotumia takwimu halisi za mauzo na kodi hazikukuta hasara kwa biashara ya mikahawa na baa kwa ujumla. Zilizotangaza hasara zilitegemea zaidi makadirio ya wenye biashara. Baa moja moja inaweza kuyumba mwanzoni, hasa ikiwa jirani yake hazingatii sheria, na hapo ni afadhali wenye baa wa mtaa mmoja waanze siku moja.

Kwa hali yako

Ikiwa unasimamia uwanja wa ndege wa kimataifa, na abiria waliokwisha kupita ukaguzi hawawezi kutoka nje kwa saa nyingi, njia ya kwanza inaeleweka pale sheria inapoiruhusu, kwa sharti kwamba chumba kipo mbali na migahawa na sehemu za watoto, hakihudumiwi, na kinapimwa mara kwa mara. Ikiwa hoteli yako ya ghorofa nyingi tayari ina chumba hicho, kipime kwa udi kama nilivyoeleza kabla ya kukitumia mwaka mwingine. Kikishindwa, kukifunga ni rahisi kuliko kukitengeneza.

Kwa mkahawa, baa, ofisi, ukumbi wa harusi na msikiti au kanisa lenye ua wa kutosha, njia ya pili ndiyo inayobebwa na ushahidi mwingi na kutekelezeka kwa urahisi. Mwenye ukumbi wa harusi amwambie mwenye shughuli mapema, na mshereheshaji atangaze mahali pa kuvutia pamoja na mahali pa vyoo, ili mgeni asiaibishwe mbele ya watu.

Kwa hospitali, zahanati, shule na kituo cha kulelea watoto, njia ya tatu inafaa, pamoja na ndoo ya mchanga nje ya geti, hatua kadhaa kutoka njia ya wapita kwa miguu, na msaada wa kuacha kuvuta kwa wafanyakazi na wagonjwa wanaoutaka. Chuo kikuu chenye hosteli na eneo kubwa kiangalie usiku: mwanafunzi wa kike asilazimike kutoka getini saa sita za usiku kwa ajili ya sigara. Hapo ni heri kubakiza sehemu moja ya wazi yenye taa, na kuifunga baadaye.

Kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa ina kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu roshani ya mtu ni nyumbani kwake, lakini moshi wake hupanda hadi dirisha la mtoto wa ghorofa ya juu. Anzeni na mahali pasipo na mwenyewe mmoja: ngazi, lifti, varanda za pamoja na paa la kuanikia nguo. Hapo njia ya pili inatosha. Habari ya roshani izungumzwe ana kwa ana na jirani mhusika kabla haijaandikwa kwenye kanuni.

Na kama mkahawa wako ni banda la makuti ufukweni, chukulia kwamba uko ndani. Weka benchi la wavutaji upande ambao pepo haziuelekezi moshi kwenye meza, ukikumbuka kwamba kaskazi na kusi havivumi kutoka upande mmoja, kwa hiyo benchi hilo lisichimbiwe chini. Lihamishwe msimu unapogeuka, na ndoo ya mchanga ihame nalo.